Sindano ya bamama Bakuba

Ndugu, mwaka 1892 mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, alifika kwa mfalme wa Bakuba, kule Kasaï. Vitambaa alivyotoa kule viko Hampton, Marekani, mpaka leo. Wengi tunasifu bababa juu ndio wanafuma rafia. Lakini ile veluri ni kazi ya bamama! Wanasugua nyuzi mikononi mpaka zilainike, zingine wanazitia wekundu wa tukula. Sindano inapita chini ya uzi wa kitambaa, kisu kinakata pande mbili. Hakuna fundo: ufumaji uliokazwa ndio unashika. Hakuna mchoro pia, michoro iko kichwani. Kitambaa kimoja kinakula miezi. Sisi ku fakulte, rafia tuliisoma mstari mmoja, sindano hata kidogo.