Sawazisha au Landanisha? Historia Fupi ya Mipangilio Inayomfuata Mtumiaji

Mwenzetu mmoja ofisini alikuwa ameifunza kompyuta yake, kwa muda wa miaka minne, maneno ya Kiswahili ambayo programu ya kukagua tahajia haikuyatambua. Alipopewa mashine mpya aliulizwa kwenye kioo kama angependa kusawazisha. Akakubali, akielewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa, yaani kilichopungua huku kitajazwa kutoka kule. Kumbe orodha tupu ya mashine mpya ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya karibuni zaidi, ikaandikwa juu ya ile ya zamani. Kazi ya miaka minne ikatoweka.

Tumeanza na mkasa huu kwa kuwa wafasiri wa miongozo ya kompyuta wanatuuliza mara kwa mara neno lipi litumike kwa kazi hii. Jibu halipatikani katika kamusi peke yake. Hatuna budi kutazama kazi yenyewe ilivyoanza.

Kwa mipangilio tunakusudia yale mambo madogo ambayo mtu huyachagua ili mashine imtumikie apendavyo: lugha, ukubwa wa herufi, mpangilio wa kibodi, orodha ya maneno yake. Katika mfumo wa Unix, ulioanza katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, kila mtumiaji alikuwa na fungu lake, na mipangilio yake ikihifadhiwa humo katika faili ndogo ambazo majina yake huanza na nukta ili zisionekane katika orodha ya kawaida. Mtu aliweza kuketi mbele ya kioo chochote akakuta mambo yake, kwa sababu vioo vyote vilikuwa madirisha ya mashine moja. Hapakuwa na cha kusawazisha.

Tatizo lilizaliwa kila meza ilipopata mashine yake. Mwezi Mei 1983 chuo cha MIT kilianzisha mradi wa Athena, ambao mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kumwezesha mwanafunzi kuketi kwenye kompyuta yoyote chuoni na kukuta faili na mipangilio yake. Katika miaka hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilijenga mfumo wa Andrew, ulioitwa hivyo kwa heshima ya Andrew Carnegie na Andrew Mellon. Hapa faili ilikaa katika seva, na mashine ya mezani ikaweka nakala yake. Faili ikibadilika, seva ilizipasha habari mashine zenye nakala. Lakini watu wawili wakiihariri kwa wakati mmoja, aliyeifunga mwisho ndiye aliyeshinda, na kazi ya mwenziwe ikafutika.

Kanuni hiyo ya wa mwisho kushinda ndiyo kiini cha historia hii, na ndiyo iliyomponza mwenzetu. Katika Windows NT 4.0, iliyotolewa mwaka 1996, mipangilio ya mtumishi ilinakiliwa kutoka katika seva alipoingia, na kurudishwa alipotoka. Aliyeacha mashine mbili wazi, akatoka katika ya kwanza kisha ya pili, alikuta mageuzi ya ile ya kwanza yamekwisha kufutwa. Wala neno "mwisho" si jepesi kama linavyosikika. Leslie Lamport alikwisha kuonyesha katika makala yake ya mwaka 1978 kwamba, katika mashine zilizo mbalimbali, pengine haiwezekani kabisa kusema lipi kati ya mambo mawili lilitangulia.

Mwaka huo huo wa 1996 ilitoka Pilot, kompyuta ndogo ya kiganjani. Iliwekwa juu ya kitako chake, kitufe kikabonyezwa, na kumbukumbu zake zikakutanishwa na zile za kompyuta ya mezani. Ikiwa kumbukumbu moja imebadilishwa pande zote mbili, zote mbili zilibakizwa, na mwenyewe akaachiwa kuchagua. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uungwana ambao vyombo vingi vilivyofuata havikuurithi.

Baadaye kazi hii ilihamia katika akaunti za intaneti. Kivinjari cha Firefox kilianza kuja nayo ndani yake katika toleo la 4 la mwezi Machi 2011, na Windows 8 ya mwaka 2012 ikaruhusu mandhari ya kioo na chaguo za lugha zimfuate mtu kutoka mashine hadi mashine.

Sasa tulitazame neno. Kusawazisha ni kulifanya jambo liwe sawa: fundi husawazisha kiwanja, timu iliyofungwa husawazisha bao. Katika matumizi yote hayo hakuna dokezo kwamba upande mmoja unaweza kumeza mwingine. Oanisha lina sifa ya kuzingatia pande mbili, lakini mwanafunzi amelizoea katika maswali ya mtihani ya kupanga jozi, na tena linahitajika kwa kuunganisha simu na kifaa kingine. Landanisha, kutokana na kulanda, yaani kufanana, linaeleza matokeo vizuri, nalo halijabebeshwa mzigo mwingine mzito.

Hata hivyo, sawazisha limekwisha kuandikwa katika simu za watu wengi, na sisi hatupendelei kulifukuza neno lililokwisha kukaa. Tunachopendekeza ni kwamba libaki kwenye vitufe, na landanisha litumike pale tu ambapo pande zote mbili huchangia, kama ilivyokuwa kwa Pilot. Na katika maelezo yoyote mfasiri ataje mashine inayotoa na mashine inayopokea. Katika mwongozo wa ofisi yetu tumeandika hivi: "Mipangilio ya kompyuta hii itachukua nafasi ya ile iliyohifadhiwa katika akaunti yako." Ni sentensi ndefu kuliko kitufe, twakiri.

Mwenzetu aliyapata upya baadhi ya maneno yake kutoka katika karatasi za zamani za usahihishaji. Anaendelea kuyaingiza, moja moja, na safari hii ameweka nakala kwenye karatasi.