Orodha ya wanaolindwa: Leopards 22 wa 1974 na swali la nani abakizwe

Msikilizaji wa Ibanda awaze kidogo. Kesho timu mpya inaanzishwa mjini Bukavu, ina pesa lakini haina mchezaji hata mmoja. Ligi inaamua kwamba Muungano, Dawa na timu nyingine zote, kila moja itachukuliwa mchezaji mmoja. Kabla timu mpya haijachagua, kila timu inapewa karatasi ya kuandika majina ya wale wasioguswa. Nafasi ni chache kuliko wachezaji. Aandikwe mkongwe aliyeleta makombe, au kijana ambaye bado hajafunga kitu lakini ana miguu ya kesho? Mabishano hayo yangejaza vituo vyote vya taksi-moto kutoka Nyawera hadi Panzi, na uwanja wa Concorde kule Kadutu usingelala.

Sheria ya namna hiyo iko kweli, ila si katika mpira wa miguu. Ni ya hoki ya barafuni, mchezo wa Kanada na Marekani ambamo watu wanateleza kwa viatu vyenye chuma chini na kugombania kisahani cha mpira kwa magongo. Ligi yao kubwa, NHL, ilikuwa na timu 6 tu kwa miaka 25. Mwaka wa 1967 ikaongeza nyingine 6 kwa mara moja, na zile mpya zilihitaji watu. Timu za zamani ziliruhusiwa kulinda kipa mmoja na wachezaji 11. Waliobaki nje ya orodha walikuwa halali kuchukuliwa.

Tangu mwanzo orodha hizo zimewaaibisha wanaoziandika. Chicago ilimwacha kipa wake Glenn Hall, mtu wa zaidi ya miaka 35, kwa kuona amekwisha zeeka. Timu mpya ya St. Louis ikamchukua. Mwaka uliofuata Hall aliifikisha fainali, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua za mwisho ingawa timu yake ilishindwa.

Miaka 50 baadaye, Juni 2017, ilikuwa zamu ya Las Vegas, mji wa jangwani. Timu 30 ziliandika majina. Kila moja ilichagua njia mojawapo: kulinda washambuliaji 7, walinzi 3 na kipa mmoja, au wachezaji 8 wa nafasi yoyote pamoja na kipa mmoja. Vijana waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza au wa pili wa kulipwa hawakuguswa kabisa. Florida ilichagua njia ya pili ili kubakiza walinzi wanne. Hesabu ilikuwa na maana, kwa sababu walinzi wazuri ni wagumu kupatikana, lakini nje ya karatasi akabaki Jonathan Marchessault, aliyekuwa ametoka kuifungia magoli 30 msimu huohuo. Vegas ikamchukua. Mwaka wa 2023 Vegas ilitwaa kombe kwa kuishinda Florida yenyewe katika fainali, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi hizo za mwisho akapewa Marchessault. Watu wa mpira hawasahau kitu cha namna hiyo.

Ila ndani ya sheria ile kuna kipande kimoja ambacho mashabiki wengi wanakiruka, na ndicho kinachofaa kuangaliwa kutoka huku kwetu. Baadhi ya wachezaji walikuwa na neno katika mkataba wao, kwamba hawawezi kuhamishwa bila ya wao kukubali. Timu yao ililazimika kuwalinda hata kama haikutaka. Pittsburgh ilikuwa na makipa wawili: Marc-André Fleury, mkongwe mwenye haki hiyo, na Matt Murray, kijana. Nafasi ya kipa ni moja. Ili Murray aandikwe, ilibidi Fleury aombwe aachilie haki yake, naye akaiachilia kwa hiari. Akaenda Vegas, na msimu wa kwanza tu akaifikisha fainali. Maana yake ni kwamba kulikuwa na ulinzi wa aina mbili kwenye karatasi moja: ule ambao timu inaupa mali yake, na ule ambao mchezaji anaushika mwenyewe mkononi.

Kongo nayo ilikuwa na orodha ya wanaolindwa. Haikuandikwa na ligi, iliandikwa na dola, na aina ya pili ya ulinzi haikuwamo.

Kabla na baada ya uhuru wa 1960, vijana kadhaa wa Kongo walikuwa wanacheza Ulaya. Léon Mokuna alipita Sporting ya Lisbon halafu Ubelgiji. Paul Bonga Bonga alikuwa Standard ya Liège. Julien Kialunda alivaa jezi ya Anderlecht. Nyumbani waliitwa Belgicains, watu wa Ubelgiji. Mobutu alipochukua madaraka Novemba 1965, alitaka timu ya taifa yenye nguvu upesi, na serikali yake ikatoa pesa ili wachezaji wa Ubelgiji warudi. Waliobaki nyumbani walifungiwa mlango: mchezaji wa Kongo hauzwi nje. Kwa maneno mengine, kila mtu aliandikwa kwenye orodha, hakuna aliyeachwa wazi kwa mnunuzi.

Kwa macho ya uwanjani tu, mpango ulizaa. Mwaka wa 1967, mwaka uleule Glenn Hall alipoachwa na Chicago, Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ikalichukua tena 1968. Januari ya mwaka huo timu ya taifa iliishinda Ghana 1-0 mjini Addis Ababa na kuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1973 AS Vita Club ya Kinshasa ilipoteza 4-2 kwa Asante Kotoko kule Ghana, halafu ikashinda 3-0 nyumbani na kubeba kombe. Timu ambayo watu wake hawaondoki inazoeana. Anayetoa pasi anajua mwenzake atakuwa wapi bila kuinua kichwa. Huo ndio uzuri wa kufunga mlango, na si haki kuukana.

Halafu ukaja 1974. Machi, kule Misri, Zaire ilicheza fainali na Zambia, ikatoka 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili na kushinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa Vita Club, mzaliwa wa Kananga, ambaye mashabiki walimpa jina la Mutumbula. Katika mashindano yale alifunga magoli 9. Hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika kombe moja la Afrika tangu siku ile. Zaire ilikuwa pia imekwisha kufuzu kwenda Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Wachezaji walipewa nyumba na magari. Wakati huo, kuwa mmoja wa Leopards kulikuwa ni kulindwa kuliko waziri.

Kocha Blagoje Vidinić, Myugoslavia, aliandika majina 22. Kazadi golini, Mwepu, Bwanga, Lobilo nyuma, nahodha Kidumu, Kakoko, Mayanga, Ndaye mbele. Wote 22 walitoka timu za Kinshasa na Lubumbashi. Wa timu za Kivu hayumo hata mmoja. Orodha ina tabia ya kuona karibu na kiti cha mwandishi wake, na Bukavu iko mbali na Kinshasa kwa njia zote.

Yaliyotokea Ujerumani yanajulikana, ila mara nyingi yanasimuliwa kwa kuchekwa. Mechi ya kwanza na Scotland walifungwa 2-0, si aibu hata kidogo. Baada ya hapo wachezaji walielewa kwamba pesa zao za mashindano hawatazipata, na maofisa wengi walikuwa wameongozana na timu. Walitaka kugoma. Walishawishiwa kuingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia na wakafungwa 9-0. Vidinić alimtoa Kazadi golini mapema, wakati zikiwa 3-0 tu, akamwingiza Tubilandu, mfupi. Muda mfupi baadaye mwamuzi kutoka Kolombia alipigwa teke la nyuma katika vurugu. Akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu, na Mwepu mwenyewe alikubali. Namba 13 akaadhibiwa kwa kosa la namba 2, na hakuna ofisi iliyomtetea.

Kwa mechi ya mwisho, na Brazil, Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba watu wa rais walikuja hotelini kuwaonya: wakifungwa zaidi ya magoli matatu, wasifikirie kurudi nyumbani. Zikiwa zimebaki dakika chache, Brazil ikiongoza, ikapata mpira wa adhabu. Mwepu alitoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Dunia ilicheka: Mwafrika hajui sheria. Alizijua vizuri sana. Mechi iliisha 3-0, wakarudi nyumbani.

Hapo ndipo orodha ilipochanika. Rais aliacha kupenda mpira. Oktoba ya mwaka huohuo Kinshasa ilikuwa na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, na macho ya dola yalikuwa huko. Lakini mlango wa kwenda Ulaya haukufunguliwa upesi kwa wale 22. Miaka yao mizuri ilipita nyumbani, wakiwa wamelindwa dhidi ya wanunuzi peke yake. Kakoko alifika Ujerumani, VfB Stuttgart, mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu, akiwa ameuacha ujana wake Kinshasa. Wengine hawakutoka kabisa. Florida ilipomwacha Marchessault, hasara ilikuwa ya Florida. Zaire ilipowashika Leopards, hasara ililipwa na Leopards wenyewe.

Mmoja wa wale 22 alikuwa Mavuba, kiungo wa Vita Club. Maisha yalimpeleka Angola, nchi ya mke wake, halafu vita ikawafukuza. Mwaka wa 1984 mwanawe alizaliwa ndani ya chombo baharini wakati familia ikikimbia, na karatasi zake kule Ufaransa ziliandika mahali pa kuzaliwa: baharini. Mtoto huyo ni Rio Mavuba. Kwa miaka mingi hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Mwaka wa 2014, miaka 40 baada ya baba yake, naye alikuwa katika orodha ya Kombe la Dunia, ila ya Ufaransa. Familia zilizokuja Bukavu na mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa zinaelewa habari hii bila kufafanuliwa.

Ndaye ndiye aliyelindwa kuliko wote, na ndiye aliyeachwa wazi kuliko wote. Mwaka wa 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimwita Tunis kumheshimu, miaka 20 baada ya magoli yake 9. Mwaka huohuo watu wenye silaha walivamia nyumba yake wakidhani mtu wa heshima namna hiyo lazima ana pesa. Walimpiga risasi mguuni, mguu uliofunga Cairo. Mtoto wake aliuawa. Baadaye aliikimbia nchi akafika Afrika ya Kusini bila kitu, mkimbizi kati ya wakimbizi, na mjini Cape Town aliishi kwa kulinda magari ya watu barabarani ili apewe sarafu.

Huko hakuna aliyemjua kwa sura. Nyumbani walidhani amekwisha kufa: habari ilienea kwamba aliangukiwa na mgodi Angola. Februari 1998, kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu Ndaye Mulamba. Yeye alikuwa hai, Cape Town. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg, akiwa na miaka 70, kwenye kiti cha magurudumu.