Tanki la maji ya wipa: uvujaji na ukarabati wake

Tanki la maji ya wipa ni chombo cha plastiki kinachotunza maji ya kuoshea kioo cha mbele cha gari, na katika magari mengi kioo cha nyuma pia. Katika magari madogo huchukua takriban lita 2 hadi 5. Sehemu ya chini huchomekwa pampu ndogo ya umeme wa volti 12, nayo husukuma maji kupitia mipira myembamba hadi kwenye nozeli zilizo juu ya boneti au kwenye mikono ya wipa. Zamani tanki lote lilikaa wazi chini ya boneti. Siku hizi mara nyingi huonekana mdomo tu, mwili wake ukiwa umefichwa nyuma ya bampa au ndani ya madigadi. Kwa hiyo uvujaji hugunduliwa kwa kuchelewa, pengine vumbi la lori lililotangulia likiwa limeshaziba kioo na jua la jioni liko usoni mwa dereva. Kasoro inayoonekana ndogo gari likiwa limeegeshwa huwa ya hatari barabarani.

Tanki hili lisichanganywe na mtungi wa maji ya rejeta, ambao huwa karibu nalo na pengine hufanana nalo. Mtungi wa rejeta katika magari mengi hufanya kazi chini ya shinikizo na joto kali, ukipasuka hubadilishwa. Tanki la wipa halina shinikizo wala joto la injini, hivyo huvumilia matengenezo ya nyumbani, kiraka kikiwemo.

Tanki lenyewe ndilo linalolaumiwa kwanza, ingawa mara nyingi ni zima. Mkosaji wa kawaida ni raba inayoshika pampu kwenye tundu lake. Kwa miaka, joto huikausha raba hiyo, ikawa ngumu, na maji yakapata njia pembeni. Pampu nayo huweza kupasuka kiwiliwili, mpira ukachomoka au ukatafunwa na panya, na kiungio cha shingo ya kujazia kikalegea. Ufa wa tanki kwa kawaida huletwa na bampa kugonga kitu, mawe ya barabara mbovu, au skrubu iliyokazwa kupita kiasi. Katika nchi za baridi kali sababu kubwa ni barafu: maji matupu yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na plastiki hupasuka. Ndiyo maana huko hutumika maji maalumu yasiyoganda upesi. Baadhi yake yana methanoli, sumu inayoweza kupofusha au kuua ikinywewa, kwa hiyo maji yanayokingwa wakati wa ukarabati hayaachwi ndani ya chupa ya kunywea.

Kabla ya kufungua chochote, maji yenyewe hueleza mengi. Tanki hujazwa maji yaliyotiwa rangi kidogo, boksi kavu hutandazwa chini ya gari, kisha husubiriwa. Maji yakishuka hadi kimo fulani na kukoma, tundu liko kwenye kimo hicho. Yakiisha kabisa au karibu kabisa, kinachoshukiwa ni raba, pampu au ufa wa chini. Yasipovuja ila wakati wa kurusha, tanki ni zima na tatizo liko kwenye mipira. Yakimwagika wakati wa kujaza tu, shingo ndiyo ya kukaguliwa.

Kulifikia tanki ndiko huchukua muda zaidi. Huanza kwa kuzima gari na kuchomoa waya hasi wa betri. Gurudumu la upande wa tanki huondolewa, au hukatwa kona kabisa, kisha klipu za plastiki ya ndani ya madigadi hutolewa. Katika baadhi ya magari bampa nzima hushushwa. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake haliingiwi chini: ni lazima likae juu ya stendi imara, mahali tambarare, magurudumu yaliyobaki yakiwa yamewekewa vizuizi.

Ikiwa kosa ni raba, pampu huzungushwa taratibu huku ikivutwa kwa kufuata mhimili wake. Raba ya zamani hutolewa, tundu husafishwa tope na ukoga, na mpya hulowanishwa kwa maji ya sabuni ili iingie bila kukunjika. Grisi ya kawaida haifai, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za raba. Kichujio kidogo kilichomo kwenye tundu hilo husuuzwa wakati huohuo.

Ufa wa tanki hudai kazi ya aina nyingine. Wengi hukimbilia supaglu, nayo hubanduka baada ya muda mfupi. Sababu ni plastiki yenyewe: matanki mengi ni ya polietilini au polipropilini, ambazo uso wake haushikwi na gundi za kawaida. Epoksi nazo hushindwa vilevile, isipokuwa zilizotengenezwa mahususi kwa plastiki hizo. Njia ya kudumu ni kuyeyusha plastiki ishikane yenyewe. Tanki hutolewa, humwagwa maji, huoshwa na kukaushwa kabisa. Kila ncha ya ufa hutobolewa tundu la milimita 2 au 3 ili usiendelee kukimbia, kisha kingo husuguliwa kwa msasa. Alama ya PE au PP iliyochapwa kwenye tanki huonyesha aina ya plastiki, na kijazio lazima kiwe cha aina hiyohiyo, kwa kuwa hizo mbili hazishikani vizuri. Kwa tanki la PE, ukanda uliokatwa kwenye dumu lenye alama HDPE hufaa sana. Pasi ya kulehemu hupitishwa ili kuyeyusha kingo na ukanda pamoja, pande zote mbili za ufa zikichanganyika. Polietilini huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135 za Selsiasi, polipropilini karibu 160. Plastiki ikitoa moshi, joto limezidi na kiungo kitakuwa dhaifu. Kazi hii hufanywa penye hewa ya kutosha.

Jaribio hufanywa kabla ya bampa kurudishwa: tanki hujazwa na kuachwa usiku kucha, kisha maji hurushwa. Pampu haiendeshwi tanki likiwa tupu, maana huharibika kwa kukosa maji.

Tanki lililomeguka kipande hubadilishwa. Anayenunua la mtumba hulinganisha kipenyo na idadi ya matundu, kwani gari lenye wipa ya nyuma huweza kuwa na pampu mbili, na lenye kipimo cha maji huwa na tundu jingine la ziada.