Mikono Iliyoutia Uzi Rangi

Katika soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, akina mama huchambua vitunguu kwa mikono, wakipangusa maganda makavu ili kitunguu king'ae mbele ya mnunuzi. Jioni maganda hayo hufagiliwa pamoja na majani ya kabeji. Kwa anayejua kutia uzi rangi, hiyo ni mali inayotupwa: kilo moja ya maganda hutosha kuipa kilo moja ya sufu rangi ya dhahabu iliyokolea, au kahawia ukiyazidisha.

Ufundi wa uzi na nguo ni mkongwe katika Afrika Mashariki, ila habari zake nyingi ziliandikwa na wapita njia. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu akakuta nguo za pale zikisafirishwa hadi Misri. Huko Kilwa, waakiolojia wamefukua vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vya kusokotea pamba. Lakini habari inayonigusa kuliko zote ni ya Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Anasema wafumaji wa huko walikuwa na pamba yao nyeupe, lakini hawakuwa na rangi. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na mweupe wao.

Barbosa aliona upungufu. Mimi naona watu waliojua hasa wanachokitaka. Kuifumua nguo nzima, iliyonunuliwa kwa gharama, ili upate mistari michache ya buluu mahali unapoitaka wewe, hiyo ni kazi ya msanii. Tena si pwani yote iliyokosa rangi. Katika visiwa vya Kirimba, kusini mwa Mto Ruvuma, watu walitengeneza nili na kufuma nguo za buluu zilizojulikana kama Maluane. Padri João dos Santos alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1609. Jina la kitambaa limetufikia. Majina ya mafundi hayakutufikia.

Baadaye zikaja rangi za viwandani. Mwaka 1856 kijana William Perkin alipata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe jijini London, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya maabara. Mwaka 1941 mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha orodha ya mimea ya Afrika Mashariki inayotoa rangi na dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Ni kazi ya maana sana, nami namshukuru. Hata hivyo, ni orodha ya mimea, si ya watu walioichemsha.

Kitale nako kuna mfano wa mafundi kusahauliwa. Makumbusho yake yalianzishwa mwaka 1926 na Kanali Hugh Stoneham, yakaitwa kwa jina lake, na mwaka 1974 yakafunguliwa upya kama makumbusho ya taifa ya magharibi mwa Kenya. Mkusanyaji tunamjua. Aliyesuka, aliyefinyanga na aliyetia nakshi ni nani?

Baadhi ya watia rangi wa Ulaya na Marekani huzipa rangi zao majina ya wasanii waliosahauliwa. Desturi hiyo ingetufaa sana, na rangi ya kwanza ningeiita Karuga. Msanii wa Kenya Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, ambako aliingia mwaka 1950 chini ya Margaret Trowell. Alifundisha shule kwa miaka mingi, na alipostaafu akaanza kutengeneza picha kwa vipande vya karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, kwa sababu rangi za dukani zilimshinda bei. Kazi zake zilifika Paris, London na Harlem, huku nyumbani wachache wakimjua. Alifariki mwaka 2021. Mtu aliyetoa picha kwenye pakiti ya unga angeyaelewa maganda ya Chwele.

Anayetaka kujaribu aanze na uzi wenyewe. Nyuzi nyingi za sweta za shule ni za akriliki, nazo hazishiki rangi ya maganda. Tafuta sufu. Kwa gramu 100 za sufu yeyusha gramu 10 za shabu katika maji ya moto, uiloweke sufu iliyokwisha kulowana, na uipashe moto polepole kwa saa moja. Usiikoroge kwa nguvu wala usiihamishe ghafla kutoka maji moto hadi baridi, itagandamana. Chemsha maganda kando, yachuje, tia sufu, uache kwa moto mdogo saa nyingine. Ukitumbukiza msumari wenye kutu, dhahabu hugeuka kijani kilichofifia. Pamba, iliyolimwa kwa miaka mingi Bungoma na kuchambuliwa katika kinu cha Malakisi, huhitaji kwanza kulowekwa katika maji ya magome ya miwati, ambayo bado inapatikana upande wa Eldoret.

Uzi ukikauka kivulini, ufungwe kwa kibandiko chenye jina la rangi, mmea, mwezi na mwaka, na chini yake jina kamili la aliyeutia rangi.