Dawa ya Moto ni Moto: Habari za Kuchoma Misitu kwa Agizo Katika Marekani

Mithali isemayo "Dawa ya moto ni moto" yajulikana na kila msomaji wetu, na mara nyingi hutumiwa kwa maana ya kisasi, yaani mtu aliyekuja kwa ukali ajibiwe kwa ukali. Lakini mithali hiyo ina maana ya wazi pia. Mkulima aonaye moto wa nyika ukielekea shamba lake huchoma mwenyewe ukanda wa majani mbele ya shamba, ili moto mkubwa ufikapo usikute chakula. Tena katika nchi za miombo desturi ya kuchoma majani mapema, mwanzoni mwa kiangazi, yajulikana tangu zamani. Maana moto wa mwezi wa Juni hupita chini chini na kuacha miti hai, bali moto wa Septemba na Oktoba hupanda juu na kuua.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi taifa kubwa la Marekani lilivyoikataa hekima hii kwa miaka mingi, jinsi lilivyoirudia, na mzigo uliowekwa juu ya mtu mmoja, yaani mkuu wa kikosi cha wachomaji.

Kabla ya Wazungu kuingia California, Wakaruk na Wayurok, wakaao kando ya mto Klamath, walichoma nchi yao kwa majira. Walichoma vichaka vya hazeli ili vichipue fito nyembamba, zilizonyoka, za kusukia vikapu. Walichoma chini ya mialoni ili wadudu waharibuo kokwa wafe, na kokwa, zilizokuwa chakula chao, ziokoteke kwa urahisi. Basi msitu wao ulikuwa na nafasi kati ya mti na mti, wala moto wa radi haukupata kuni nyingi. Mwaka 1850 baraza la kutunga sheria la California lilipitisha sheria juu ya wenyeji hao, na ndani yake iliandikwa ya kuwa mtu awashaye moto katika mbuga apewe adhabu. Hivyo ujuzi wa vizazi vingi ukahesabiwa kuwa kosa.

Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka 1905. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi katika majimbo ya Idaho na Montana, na katika siku hizo mbili zikaungua ekari karibu milioni 3. Watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa wazimaji wenyewe. Msiba huo uliwatia wakuu wa Idara hofu kubwa, wakaazimu kwamba tangu hapo moto ni adui tu. Mwaka 1935 ikatolewa amri: kila moto ukiisha kuonekana, sharti uwe umeshikwa kabla ya saa nne ya asubuhi ya siku ifuatayo. Mwaka 1944 akachorwa dubu aitwaye Smokey, avaaye kofia, ili awafundishe watoto na wakubwa kuchukia moto msituni.

Amri ile ilifanikiwa sana, na katika kufanikiwa kwake ndimo ilimokuwa hatari. Kila moto uliozimwa uliacha kuni zake chini. Majani makavu, matawi yaliyoanguka na miti midogo iliyosongamana vilizidi mwaka kwa mwaka, hata moto ulipotokea siku ya joto na upepo ulipanda kwa ile miti midogo kama kwa ngazi, ukafika vileleni, na huko hapana awezaye kuuzima.

Watu wa majimbo ya kusini hawakukubali amri hiyo kwa moyo wote. Huko kuna msonobari wenye majani marefu, ambao mbegu yake hutaka udongo mtupu ili iote, na mche wake mchanga hufanana na shungi la majani, chipukizi lake likikingwa ndani lisiunguzwe. Mti huo pasipo moto hushindwa na vichaka. Bwana Herbert Stoddard, aliyechunguza maisha ya ndege wa jamii ya kware, alitoa kitabu chake mwaka 1931, akaonyesha ya kuwa ndege hao hupungua mahali pasipochomwa. Mwaka 1943 Idara ya Misitu iliruhusu moto wa makusudi katika misitu yake ya kusini. Mwaka 1958 kikaanzishwa huko Florida kituo cha uchunguzi kiitwacho Tall Timbers, nacho mwaka 1962 kiliita mkutano wa kwanza wa wataalamu juu ya moto na viumbe. Bwana Harold Biswell, aliyekuwa amefanya kazi kusini, alipeleka mafundisho hayo California akiwa mwalimu wa chuo kikuu, akapingwa na wengi. Hata hivyo, mwaka 1968 Idara ya Mbuga za Taifa ilibadili kanuni zake, na mwaka 1978 Idara ya Misitu ikaiacha ile amri ya saa nne.

Hapa yafaa tutazame neno lenyewe. Kwa Kiingereza moto wa namna hii huitwa kwa neno lile lile litumikalo kwa dawa iliyoandikwa na mganga kwa mgonjwa. Kwa hiyo twaweza kuuita "moto wa agizo". Neno hili laeleza jambo kamili, kwa maana dawa ina kipimo, ina saa yake, na ikizidi ni sumu. Lugha yetu nayo hupambanua vema: kuchoma ni tendo la mtu aliyekusudia, kuungua ni jambo lililotokea, na kuteketea ni kuisha kabisa. Kazi ya mkuu wa kikosi ni kuchoma pasipo kuteketeza.

Naye huifanya hivi. Kwanza huandikwa agizo, miezi mingi kabla ya siku yenyewe, lionyeshalo mipaka ya joto, unyevu wa hewa, nguvu za upepo na upande utokako, na ukavu wa kuni. Pili, watu hufyeka na kukwangua njia kuzunguka mahali patakapochomwa, mpaka udongo uonekane. Siku ikifika, mkuu hupima hewa. Jambo moja likiwa nje ya agizo, huwarudisha watu nyumbani, hata ikiwa wamesafiri mbali. Mambo yote yakipatana, huwasha kwanza moto mdogo wa kujaribu, autazame moshi na ndimi zake. Ndipo wawashaji hupita kwa safu, wakichukua makopo yenye mdomo na utambi, yadondoshayo mchanganyiko wa petroli na dizeli uwakao. Huanza upande upepo uendako, ili moto urudi polepole ukipingana na upepo na kuacha ukanda mweusi. Ukanda ukiwa mpana wa kutosha, huwasha upande wa pili. Wengine husimama mpakani na maji na majembe, macho yao yakiwa nje ya mpaka kutafuta cheche zilizoruka. Moto ukiisha, kazi haijaisha: huzima magogo na mizizi, hupapasa majivu kwa mkono, na hurudi siku zifuatazo kutazama.

Mara chache dawa hii imegeuka sumu. Tarehe 4 Mei 2000, katika New Mexico, moto wa agizo uliwashwa katika mbuga ya Bandelier, ukaponyoka, ukateketeza nyumba zaidi ya 200 katika mji wa Los Alamos. Tarehe 6 Aprili 2022, katika jimbo lilo hilo, moto mwingine uliponyoka siku ile ile ulipowashwa. Ukaungana na wa pili, uliotoka katika marundo ya kuni yaliyochomwa mwezi wa Januari, ambayo moto wake ulilala chini ya ardhi wakati wote wa theluji. Ziliungua ekari zaidi ya 341,000, na familia nyingi za wakulima na wafugaji zikapoteza mashamba waliyorithi. Mwezi wa Mei Idara ya Misitu ilisimamisha uchomaji wote kwa siku 90. Mkuu wake alisema ya kuwa huwashwa mioto karibu 4,500 kila mwaka, na ya kuwa asilimia 99.84 huenda kama ilivyopangwa. Hesabu hiyo ni njema, lakini haimfariji mtu aliyesimama juu ya majivu ya nyumba yake.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, huko Oregon, moto wa agizo ulivuka mpaka ukaunguza ekari chache za shamba la mtu, na mkuu wa kikosi akakamatwa na askari akiwa bado kazini. Habari hizo ziliwashtua wachomaji wote nchini, nao wakaulizana ni nani atakayekubali tena kushika kazi hiyo.

Majimbo mengine yamejibu swali hilo kwa sheria. Florida tangu mwaka 1990 imetambua kuchoma kuwa haki ya mwenye ardhi na faida kwa watu wote, na mchomaji mwenye cheti, aliyefuata kanuni, hulindwa. Huko huchomwa ekari zipatazo milioni 2 kila mwaka. California ilifuata mwaka 2021 kwa kupunguza deni la mchomaji asiyefanya uzembe mkubwa, na mwaka 2024 ikatunga sheria ya kuwarudishia makabila ya wenyeji nafasi ya kuchoma kwa desturi zao, yaani jambo lile lile walilokatazwa mwaka 1850.

Sisi twaona ya kuwa shida ya kazi hii ni ya hukumu kuliko ya ufundi. Mtu awashaye moto ukaponyoka, jina lake hujulikana siku ile ile. Mtu akataaye kuwasha, akaziacha kuni zirundikane miaka 20, msitu ukiteketea hapana amtajaye. Watu husema ni radi, au ni kiangazi. Mwaka 2020 moto ulioanzishwa na radi katika milima ya California uliua, kwa makadirio ya wataalamu, asilimia 10 hadi 14 ya misekwoya mikubwa yote duniani, miti ambayo mingine iliishi zaidi ya miaka elfu. Mti huo huhitaji joto la moto mdogo ili vikonyo vyake vifunguke na kumwaga mbegu, nao ulinyimwa moto huo kwa muda wa karne nzima. Kwa hasara hiyo hakukamatwa mtu. Basi watu wapimao lawama za mkuu wa kikosi yawapasa kuweka katika mizani ile ile hasara ya kutochoma, na kumwuliza mchomaji kama alilifuata agizo, kabla hawajauliza moto ulifika wapi.