Ukivuka Bunagana, A inakuwa Q

Kikundi chetu kinachanga pesa ya kununua kibodi moja ya mekaniko, ile yenye swichi na springi chini ya kila batani, na grupu nzima imejaa ubishi wa rangi. Kabla ya rangi, tuangalie kwanza hizi herufi zilitoka wapi.

Mtu akivuka Bunagana kuingia Kisoro anatembea hatua chache tu, lakini herufi zinahama. Kwetu Kongo, kwenye klavie, mstari wa juu unaanza A, Z, E, R, T, Y. Huku Uganda ni Q, W, E, R, T, Y. M kwetu iko kando ya L, huku iko chini kando ya N.

Mpangilio wa Q ni wa Marekani. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee alipata hataza ya mashine ya taipu mwaka 1868, na mwaka 1874 Remington, watu wa bunduki na cherehani, wakaanza kuiuza. Ilikuwa inaandika herufi kubwa peke yake! Waingereza waliutumia mpangilio huo, ukafika Uganda pamoja nao. Wafaransa waligeuza herufi kadhaa, Wabelgiji wakafuata, na Wabelgiji ndio walioitawala Kongo kuanzia 1908. Babu zetu hawakuulizwa.

Basi leo kijana aliyejifunza Bukavu anaomba kazi ya ofisi hapa Kampala, anapewa jaribio la kuchapa. Vidole vyake vinaandika "mzazi", kwenye skrini inatokea ";wqwi". Bosi anafikiri huyu hajui kompyuta. Anajua sana, ila vidole vyake vilisoma upande mwingine wa mpaka.

Sasa swichi. IBM walitoa Model M mwaka 1985, springi yake inalia tak-tak mpaka nyumba ya pili. Baadaye kibodi za raba zikajaa kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Kampuni ya Cherry ilikuwa na swichi zake za MX tangu miaka ya 1980, na hataza yake ilipoisha, Wachina kama Gateron na Kailh wakatengeneza za kwao, bei ikashuka. Nyekundu inashuka moja kwa moja, nguvu ya gramu 45 hivi inatosha. Kahawia ina kinundu kidogo unachosikia kwa kidole. Bluu inapiga kelele, na sisi chumba ni kimoja, upande huu kompyuta, upande ule watoto wanasoma. Bluu hapana. Tunapendekeza kahawia, na iwe kibodi ambayo swichi inachomolewa kwa mkono bila kulehemu, ikifa moja tunabadilisha hiyo moja.

Vifuniko vya batani ndio penye kazi. Plastiki ya ABS inang'aa mafuta mapema, PBT inavumilia. Lakini angalieni umbo: kwenye kibodi nyingi kila mstari una mwinamo wake, kwa hiyo ukichomoa A ukaiweka pa Q, inakaa kama jino lililopinda. Umbo la XDA au DSA lina mistari yote sawa, herufi zinahamishika vizuri. Na tukumbuke, kifuniko ni kofia tu. Herufi inayotokea inaamuliwa na mipangilio ya lugha ndani ya kompyuta, kwa hiyo lazima vyote viwili vibadilishwe.

Wengi wetu wanataka ya Q, kwa sababu kazi ziko hapa. Yaya mmoja wa Uvira anakataa: yeye bado anaandika barua za Kifaransa za kwenda nyumbani, na kwenye klavie ya kwetu é na ç zina batani zao. Ana haki. Kwa umbo la mistari sawa anaweza kupanga A yake asubuhi na mwingine akarudisha Q jioni, ila nani atakuwa anachomoa kila siku? Kura ni Jumamosi, baada ya darasa la watoto.