Miswada ya Aisilandi na Chimbuko la Taaluma ya Lugha za Nordiki

Lugha za Nordiki, yaani jamii ya lugha zenye asili moja zinazosemwa Denmaki, Uswidi, Norwei, Aisilandi na Visiwa vya Faroe, zilitafitiwa kwa ajili ya fahari ya wafalme muda mrefu kabla hazijawa somo la chuo kikuu. Katika karne ya 17 Denmaki na Uswidi zilipigana mara kwa mara, na kila dola ilitafuta katika maandishi ya kale ushahidi wa ukongwe wake. Maandishi hayo yalikuwa yamesalia zaidi Aisilandi, kisiwa kilichotawaliwa na Denmaki, ambako watu walikuwa wamenakili kwenye ngozi za ndama, kizazi baada ya kizazi, saga, yaani masimulizi marefu ya nathari kuhusu wafalme, koo na mashujaa. Mwaka 1662 Olof Verelius alipewa uprofesa wa mambo ya kale ya nchi katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka 1664 alichapisha toleo la saga akisaidiwa na Jón Rúgmann, kijana wa Aisilandi aliyetekwa na Waswidi akiwa safarini kwenda Copenhagen. Mwaka 1685 mfalme wa Denmaki alipiga marufuku miswada ya Aisilandi kuuzwa kwa wageni.

Hata hivyo, msingi wa taaluma yenyewe uliwekwa na Árni Magnússon (1663–1730), Mwaisilandi aliyepata uprofesa Copenhagen mwaka 1701. Alipotumwa kwao kati ya 1702 na 1712 kuandikisha mashamba ya kisiwa kizima, alitumia fursa hiyo kukusanya miswada, naye akakuta kurasa zilizokatwa kuwa vielelezo vya mshonaji, nyingine kuwa soli za viatu, na mmoja ukiwa umeshonewa ndani ya kofia ya askofu. Ubora wake ulikuwa katika kutodharau hata kipande kilichochanika, na katika kuandika kila kitu kilitoka kwa nani, kwa maana alitambua kwamba andiko lisilojulikana lilikotoka hupoteza sehemu ya ushahidi wake. Moto mkubwa ulioteketeza Copenhagen mwezi Oktoba 1728 uliunguza vitabu vyake vyote vya chapa isipokuwa vichache, na sehemu ya miswada. Kilichookolewa alikirithisha chuo kikuu.

Urithi huo ulisubiri takribani karne moja kabla lugha yake haijachunguzwa kwa ajili yake yenyewe. Mdenmaki Rasmus Rask, aliyetoa sarufi ya Kiaisilandi mwaka 1811, alionyesha katika kitabu cha mwaka 1818 kwamba sauti za lugha hiyo hulingana kwa utaratibu na zile za Kilatini na Kigiriki, kiasi kwamba penye p ya Kilatini katika pater, yaani baba, pana f katika faðir, na penye k ya cornu, yaani pembe, pana h katika horn. Uchunguzi wa namna hiyo, unaoitwa isimu linganishi, uliitoa miswada mikononi mwa watafuta sifa za dola ukaifanya malighafi ya sayansi. Mwaka 1845 N. M. Petersen akawa profesa wa kwanza wa lugha za Nordiki Copenhagen, na baada yake akafuata Konráð Gíslason, mzaliwa wa Aisilandi.

Lakini heshima hiyo ilificha dhuluma, kwani Mwaisilandi aliyetaka kusoma asili za fasihi ya mababu zake ilimpasa avuke bahari, na hata Chuo Kikuu cha Aisilandi kilipoanzishwa mwaka 1911 miswada mikuu ilibaki ng'ambo. Madai ya kuirudisha yalizaa sheria ya bunge la Denmaki, iliyopitishwa mara mbili, mwaka 1961 na 1965, na kisha mashauri mahakamani, mpaka tarehe 21 Aprili 1971 meli ya kivita ya Denmaki ilipofikisha Reykjavík Flateyjarbók, mswada mkubwa wa saga za wafalme, pamoja na Codex Regius, mswada mkuu wa mashairi ya miungu na mashujaa. Shehena ya mwisho ilirudi mwaka 1997. Mkusanyo uligawanywa badala ya kuhamishwa wote, na hivyo mtafiti wa leo hufanya kazi katika taasisi mbili, ya Reykjavík na ya Copenhagen, zote zikibeba jina la Árni Magnússon.